Proksi, au nakala kivuli ya video

Mhariri wa video akilalamika kwamba taimlaini inastaki, anamaanisha jambo mahususi. Amebonyeza kitufe cha kucheza, sauti inakwenda vizuri, lakini picha inarukaruka. Akisogeza kishale kurudi nyuma, dirisha linang'ang'ania picha ile ile sekunde mbili tatu ndipo lishtuke. Ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua kompyuta mpya. Wa pili ni kuongeza RAM. Ushauri wote huo unataka fedha, na mara nyingi hauugusi ugonjwa wenyewe. Dawa iliyo nafuu inajulikana studio kwa jina la kigeni, proksi, na wengi wanaolitaja hawajawahi kuitumia. Nataka kueleza proksi ni nini na inafanyaje kazi, kisha nitetee jina la Kiswahili ambalo naona lilikuwepo siku nyingi, tena kwenye kila bahasha ya maombi ya kazi.

Tuanze na hesabu. Nchi zilizorithi mfumo wa televisheni wa PAL, Kenya na Tanzania zikiwemo, zimezoea fremu 25 kwa sekunde. Kila fremu basi ina milisekunde 40 za kuishi kwenye kioo. Ndani ya milisekunde hizo kompyuta inapaswa kuisoma kutoka kwenye diski, kuifungua, kuipunguza itoshe dirishani, kuipaka rangi na vionjo ulivyoweka, kisha kuionyesha. Ikichelewa, fremu inatupwa na zamu inakwenda kwa inayofuata. Premiere Pro, programu ya kuhariri, ina kitaa kidogo chini ya dirisha la kuchezea ambacho ukiamua kukiwasha hubadilika kutoka kijani kuwa njano pale fremu ya kwanza inapotupwa. Wengi hawajawahi kukiwasha, na ni kipimo bora kuliko macho yaliyochoka saa nane usiku.

Katika hatua zote hizo, inayokula muda kwa kawaida ni ile ya kuifungua fremu. Hapa lazima tuingie ukumbini.

Harusi imeanza, kamera imesimama kwenye stendi yake ya miguu mitatu, bibi harusi anaingia taratibu na MC anawaomba wageni wasimame. Ukuta haujasogea. Mapambo hayajasogea. Meza ya kamati iko palepale. Kamera haina sababu ya kuuhifadhi ukuta ule mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo inahifadhi fremu moja kamili, na katika zinazofuata inaandika mabadiliko tu: gauni limesogea hapa, mkono umeinuka pale. Fremu kamili hupewa herufi I. Inayotegemea iliyotangulia huitwa P. Inayotegemea zilizo nyuma na zilizo mbele huitwa B. Fremu kamili pamoja na tegemezi zake hufanya kundi, na kundi moja laweza kuwa na fremu 12, 15, 30 au zaidi.

Akiba inayopatikana ni kubwa mno. Fremu moja ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, ikiwekwa bila kubanwa kwa ubora wa kawaida wa biti 8 inachukua megabaiti 12.4 hivi. Kamera nyingi za studio ndogo hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, sawa na megabaiti 12.5. Maana yake sekunde nzima ya harusi inakaa kwenye nafasi ambayo fremu moja tu ingeijaza. Hiyo ndiyo kazi ya viwango vya H.264, kilichopitishwa 2003, na mrithi wake H.265 wa 2013. Viwango hivi vilibuniwa kwa ajili ya kuhifadhi video na kuisafirisha: kwenye matangazo, kwenye diski, kwenye intaneti. Anayetazama huanza mwanzo na kwenda mbele, na njia hiyo vinaimudu vizuri.

Mhariri hatazami hivyo. Anaruka. Anataka fremu ambayo bibi harusi anainua macho, kisha fremu nne nyuma, kisha sekunde kumi mbele, halafu anaburuta kishale kinyumenyume kutafuta pale MC alipovuta pumzi. Fremu anayoitaka ikiwa ya 14 katika kundi la 15, kompyuta haiwezi kuichomoa peke yake. Inaanza na ile kamili ya kwanza, inafungua zote zinazotegemewa njiani, na mwisho ndipo inampa ya 14. Akirudi hadi ya 13, sehemu kubwa ya kazi huenda ikarudiwa. Kucheza kinyume ndiyo adhabu kubwa kuliko zote. Na kama harusi ilirekodiwa kwa kamera tatu na anazihariri pamoja kwa kuchagua pembe, zidisha kazi hiyo kwa tatu, maana zote hufunguliwa kwa wakati mmoja hata kama moja tu ndiyo itakayobaki.

Watu wengi huamini faili ni zito kwa sababu ni kubwa. Ukilipima, imani hiyo inaanguka. Saa moja ya 4K kwa megabiti 100 ni gigabaiti 45. Ibadilishe saa hiyo hiyo iwe ProRes 422, kodeki (njia ya kubana na kufungua video) ya Apple ya mwaka 2007 iliyotengenezwa mahsusi kwa uhariri, nayo kwa fremu 25 hutumia takriban megabiti 492 kwa sekunde: gigabaiti 221. Faili limekuwa kubwa karibu mara tano, na kwenye kompyuta ile ile, mradi diski ina kasi ya kutosha, linateleza. Sababu ni kwamba katika ProRes kila fremu ni kamili. Hakuna kundi, hakuna kutegemeana. Ukiomba ya 14 unapewa ya 14. DNxHR ya kampuni ya Avid iko hivyo hivyo. Faili dogo ndilo lililokuwa likimtesa mhariri, kwa sababu udogo wake ulinunuliwa kwa hesabu ambazo sasa zinadaiwa kila anapogusa kishale.

Hili linaeleza pia fumbo linaloleta ugomvi studio: kwa nini laptopu ya bei ndogo ya jirani inacheza klipu ambazo kompyuta yangu kubwa inazikataa? Siku hizi kazi ya kufungua H.264 na H.265 hufanywa na kipande maalumu ndani ya chipu, na kipande hicho kinajua aina fulani tu. Kamera za karibuni hurekodi H.265 ya biti 10 na rangi za 4:2:2, ambazo hubeba taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0 ya simu na kamera za kawaida. Chipu za Apple tangu M1 ya mwaka 2020 huzifungua bila shida, na Intel nao wana vizazi kadhaa vinavyoziweza. Kadi za michoro za NVIDIA hazikuwa na uwezo huo hadi kizazi cha RTX 50 kilichotoka 2025. Mtu aliyenunua kadi ya mamilioni mwaka 2023 kwa ajili ya klipu za namna hiyo aliziona zikikwama palepale, huku kadi ikiwa imekaa bila kazi na prosesa ikivuja jasho. Kabla hujauza kiwanja kununua mashine, chunguza kwanza kamera yako inarekodi nini.

Sasa proksi yenyewe. Ni nakala ya klipu iliyotengenezwa kwa ajili ya kukatia tu: yenye pikseli chache, kwa kodeki nyepesi kufunguliwa, ikiwa na urefu, kasi ya fremu, na hesabu ya muda ile ile ya klipu halisi. Programu inaziunganisha mbili hizo. Unapohariri, kioo kinakuonyesha nakala. Unapokata, kinachoandikwa ni kwamba klipu fulani inaanzia sekunde fulani na kuishia sekunde fulani. Maneno hayo yanazihusu klipu zote mbili sawasawa. Siku ya kurenda, yaani kutoa faili la mwisho la kazi, programu inazisoma zile halisi na kufuata maelekezo yaliyokwisha kuandikwa, na usipoiagiza vinginevyo, hakuna pikseli hata moja ya nakala inayoingia kwenye kazi ya mteja.

Klipu ya 4K ikipunguzwa hadi 1920 kwa 1080, pikseli zinabaki robo. Ikipunguzwa hadi 1280 kwa 720, inabaki sehemu moja kati ya tisa. Kwa ProRes 422 Proxy ya 1080, saa moja ni kama gigabaiti 17. DNxHR LB iko hapo hapo. Ni nafasi ya kweli kwenye diski, siwezi kusema ni bure, lakini ni nafasi ya muda.

Wazo hili ni la kale kuliko kompyuta. Enzi za filamu za utepe, negativu iliyotoka kwenye kamera haikuguswa na mhariri kabisa. Maabara ilichapa nakala ya kazi, na hiyo ndiyo iliyopita kwenye mashine za Moviola, zilizoanza kutumika 1924, ikikatwa, ikigundishwa, ikikwaruzwa na kuandikwa kwa kalamu ya nta. Pembeni mwa utepe kulikuwa na namba. Uhariri ulipokamilika, fundi mwingine aliyevaa glovu alichukua negativu na kuikata kwa kufuata namba zile. Avid walipoleta mashine yao ya kompyuta 1989, diski za wakati huo hazikuweza kubeba picha bora, hivyo wahariri walikata picha hafifu zenye chengachenga huku zile nzuri zikisubiri kabatini. The English Patient, filamu ya kwanza iliyohaririwa kwa mfumo wa dijitali kupata Oscar ya uhariri, ilikatwa na Walter Murch kwa njia hiyo. Jina proksi limekuja baadaye. Premiere Pro iliingiza utaratibu rasmi wa proksi mwaka 2016 tu, wakati Kdenlive, programu huria isiyouzwa, ilikuwa nao miaka kadhaa kabla.

Proksi tuiite nini kwa Kiswahili? Kamusi zikiulizwa zitajibu: wakala. Ni jibu sahihi kwa mwanasheria. Neno la Kiingereza lenyewe limetokana na ofisi ya mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, na ndiyo maana hutumika kwenye mikutano ya wanahisa na hata kwenye kuozesha aliye mbali. Wakala ana mamlaka. Wakala wa fedha za simu anapokea pesa halali na kutoa pesa halali. Ukishatoka kibandani pake hurudi tena kumtafuta mwenye nazo. Faili letu halina mamlaka yoyote na halitendi kitu. Linatazamwa tu. Mwanafunzi ukimwambia atengeneze mawakala wa klipu atakuelewa baada ya nusu saa ya maelezo, na neno linalohitaji nusu saa halijasaidia.

Pendekezo jingine ninalolisikia ni faili mbadala. Hili nalipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu lina hatari. Nishati mbadala inachukua nafasi ya mkaa, mkaa unaachwa. Mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine moja kwa moja. Kijana aliyefundishwa kwamba ana mafaili mbadala, diski ikijaa atafuta nini? Atafuta yale makubwa. Atakuja kugundua siku ya kurenda kwamba alichonacho ni harusi ya pikseli 1280, na bibi harusi harudii kuolewa.

Neno ninalolitetea ni nakala kivuli. Tanzania halihitaji kufafanuliwa. Tangazo la kazi linasema ambatanisha vivuli vya vyeti, na hakuna mhitimu anayeuliza ni nini. Kivuli kinazunguka ofisini, kinapigwa mhuri, kinawekwa kwenye jalada, kinaandikwa pembeni kwa kalamu. Uamuzi wa kukuita unafanywa kwa kukitazama hicho. Siku ya usaili unaambiwa uje na vyeti halisi. Hiyo ndiyo safari nzima ya proksi, hatua kwa hatua: uamuzi unafanyika juu ya kivuli, na kinachothibitisha ni halisi. Zaidi ya hapo, neno limebeba onyo lake ndani. Hakuna mtu aliyekulia hapa atakayechoma cheti cha kidato cha nne kwa sababu ana fotokopi.

Kuna pingamizi mbili za haki. Kenya watu husema nakala, basi, na kivuli wanakijua zaidi kwenye siasa. Itabidi wenzetu wavumilie kidogo. Ya pili ni ya kiufundi, nayo inauma zaidi: wapaka rangi wa video huita sehemu zenye giza za picha vivuli. Sentensi kama «vivuli vimekuwa vyeusi mno» itawachanganya wawili waliokaa kiti kwa kiti. Kwa hiyo kwenye maandishi na darasani nataka tuandike nakala kivuli kwa ukamilifu wake, na giza la picha tuliite giza. Mdomoni, mezani, saa za kazi, mafundi wataendelea kusema proksi, washa proksi, zima proksi, na sioni haja ya kugombana nao.

Kutengeneza nakala kivuli hakuhitaji ufundi mkubwa. Ndani ya Premiere Pro unachagua klipu kwenye bohari ya mradi, unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, unaingia Proxy kisha Create Proxies, na kazi inahamia kwenye programu ya Media Encoder huku wewe ukiendelea kupanga. DaVinci Resolve ina amri yake kama hiyo, na tangu toleo la 18 la mwaka 2022 inakuja na programu ndogo inayolinda folda: ukimwaga klipu humo, inatengeneza nakala yenyewe na kuziweka kwenye folda ndogo iitwayo Proxy kando ya zile halisi. Kdenlive unaweza kuiagiza izitengeneze yenyewe kila klipu inapozidi ukubwa uliotaja. Wakati mzuri wa kazi hii ni usiku ule ule wa shughuli, kadi za kamera zikishanakiliwa: iache mashine ifanye kazi, kalale.

Mahali pa kuangalia ni pachache lakini hapasamehe. Majina ya nakala yafuate ya halisi. Idadi ya chaneli za sauti ilingane, la sivyo Premiere itakataa kuziunganisha. Kasi ya fremu isibadilishwe hata kwa desimali. Ukali wa picha, chengachenga za gizani na rangi ya ngozi usivihukumu kwa nakala kivuli. Izime, tazama halisi, kisha iwashe. Klipu iliyoonekana safi kwenye pikseli 1280 huenda fokasi yake ilikuwa kwenye pazia nyuma ya maharusi, na mteja mwenye televisheni ya inchi 65 ataliona hilo kabla yako. Kabla ya kurenda, hakikisha diski yenye halisi imechomekwa na mpangilio wa kutoa kazi haujawekwa utumie proksi, kwa sababu Premiere na Resolve zote huruhusu hilo.

Si kila ukwamaji unatibiwa hivi. Kama umeweka kionjo cha kuondoa chengachenga au cha kutuliza mtikisiko, mzigo uko kwenye hesabu za kionjo. Renda kipande chenye kionjo hicho peke yake, au zima kionjo hadi mwisho. Kama klipu ziko kwenye diski iliyochomekwa kwa USB 2.0, kiwango chake cha juu ni megabiti 480 kwa nadharia na pungufu ya hapo kwa vitendo. Kamera tatu zitaifikisha ukingoni. Klipu za simu zina tabia yake, kasi ya fremu inayopanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika. Zigeuze kwanza ziwe na kasi moja kwa HandBrake au Shutter Encoder, zote za bure, ndipo uziingize, maana zisipogeuzwa midomo itaachana na sauti. Laptopu isiyochomekwa umeme hujipunguzia nguvu yenyewe. Na kabla ya yote hayo, shusha ubora wa kuchezea uwe nusu au robo: ni kubonyeza mara moja, na wakati mwingine inatosha.

Kama haitoshi, tengeneza nakala kivuli kabla ya mkato wa kwanza, usisubiri taimlaini ianze kukwama katikati ya kazi. Mteja akishapokea kazi na kukulipa, futa nakala kivuli zote, programu itazitengeneza tena wakati wowote ukizihitaji. Klipu halisi zibaki kwenye diski mbili tofauti.